Siku benki yetu ilipofungwa, na miaka ya kukimbizana na hela yangu mwenyewe

Alhamisi tarehe 4 Januari 2018 nilikuwa nimepiga magoti sakafuni dukani, nahesabu sweta za kijani. Nashona na kuuza sare za shule katika mji mmoja wa mkoani, na kwa sisi wa sare wiki ya kwanza ya Januari ndiyo mavuno. Mzazi aliyekusalimia kwa mbali mwaka mzima, siku hiyo anakuita dada. Redio ilikuwa inaongea peke yake pale juu ya kabati la vitambaa. Nikasikia Benki Kuu ya Tanzania imezifutia leseni benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha. Zikatajwa moja moja. Ya kwetu ikatajwa.

Sitaiandika jina. Wengi waliofanya kazi pale ni watu wa mji huu huu, watoto wao wanavaa sare ninazoshona.

Nikamwachia binti duka, nikaenda na ndala nilizokuwa nimevaa. Mlango ulikuwa umefungwa, karatasi imebandikwa kwa ndani ya kioo, na askari mmoja amesimama na bunduki yake akiwa na sura ya mtu ambaye naye ana akaunti humo. Tulikuwa kama watu arobaini. Hakuna aliyepiga kelele. Kuna mzee mmoja aliyevaa kanzu alikuwa anaisoma ile karatasi kwa sauti, akifika mwisho anaanza tena, na kila mara watu wapya wanasogea kumsikiliza.

Sasa niseme nilichokuwa nacho humo, maana makosa yangu yote yamo kwenye hesabu hiyo. Kwenye amana ya muda maalum, ile tunayoiita fiksidi, nilikuwa na milioni 6. Niliiweka Juni 2017 kwa sababu walinipa riba ya asilimia 13, na benki kubwa ya jirani ilikuwa haifiki hata 9. Kwenye akaunti ya akiba kulikuwa na milioni 3.1, mauzo ya Desemba niliyoyapeleka tarehe 29 kwa kuogopa wezi wa sikukuu. Na juu ya hapo, mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama 25. Akaunti ya kikundi ilikuwa benki hiyo hiyo, na ni mimi niliyewashawishi tuipeleke pale. Humo kulikuwa na 5,350,000.

Dalili zilikuwepo, ila nilikataa kuziona. Tangu Novemba nilikuwa nikienda kutoa zaidi ya milioni naambiwa mtandao uko chini, mama, njoo kesho. Kesho yake mtandao unapanda kwa laki tano, ukiomba zaidi unashuka tena. Huduma ya simu mjini ilikuwa nzuri, umeme upo, mtandao unaishiwa nguvu dirishani kwangu tu. Mtu akikuuliza dalili ya kwanza ya benki kuumwa ni ipi, mwambie hiyo.

Dalili ya pili ndiyo iliyonichoma zaidi. Wakati ule nguo tulikuwa tunafungia kwa magazeti ya zamani, tunayanunua kwa kilo. Wiki moja baada ya benki kufungwa, Mwalimu, mstaafu mmoja ambaye hunywa chai dukani kwangu kila asubuhi, alivuta gazeti moja kutoka kwenye rundo langu akanionyesha jedwali la tarakimu. Ilikuwa taarifa ya robo mwaka ya benki yetu. Sheria inazitaka benki zitangaze hesabu zao magazetini kila robo mwaka, na zilikuwa zinatangazwa, na mimi nilikuwa nafungia kaptula za wanafunzi wa darasa la pili. Mwalimu akaweka kidole kwenye mstari wa mtaji. Namba ilikuwa ndani ya mabano.

"Unajua mabano hayo maana yake nini?"

Nikasema sijui.

"Hasi. Yaani benki ilikuwa imeshakula mtaji wake, sasa inakula wa kwenu."

Siku hizi kila mtu anayeniuliza habari za benki namwambia aitafute taarifa hiyo, asisumbuke na mistari mingine, atafute tu mtaji na faida, aangalie kama kuna mabano, na kama yapo yamekaa robo ngapi mfululizo. Dakika tano zinatosha. Mimi hizo dakika tano zilinigharimu karibu milioni nane.

Sasa habari ya bima. Mimi sikujua kabisa kama amana zina bima. Ipo Bodi ya Bima ya Amana, na mfuko wake unachangiwa na benki zenyewe kila mwaka. Benki ikifa, mfuko unalipa wateja hadi kiwango fulani. Wakati ule kiwango kilikuwa shilingi milioni 1.5. Kinachozidi hapo unaingia foleni ya ufilisi, unasubiri mali za benki ziuzwe na wadaiwa wake walipe, kisha mgawane kilichobaki, kama kimebaki.

Niliposikia hivyo nikajifariji kijinga. Nikasema, mimi nina akaunti mbili, basi ni milioni 3. Na kikundi kina wanachama 25, kila mmoja ana haki yake, kwa hiyo hela yote ya kikundi iko salama. Nilishaanza hadi kumpigia mwenyekiti wetu kumtuliza. Hesabu hiyo niliifanya kichwani, bila kumwuliza mtu anayejua, na nikaisambaza kwa wenzangu kama habari ya kweli. Nilipofika kwenye dawati la malipo niliambiwa akaunti zangu zote zinajumlishwa, mteja ni mmoja, malipo ni 1.5. Na kikundi nacho kilihesabiwa mteja mmoja. Milioni 1.5 kwa wanawake 25 ni shilingi 60,000 kila mtu.

Kulipwa kwenyewe kulikuwa na safari yake. Kitabu changu cha benki kina jina la ukoo wa mume, kitambulisho cha mpiga kura kina jina la baba. Kwa miaka sita hakuna aliyejali, nilikuwa naingiza na kutoa. Siku ya kulipwa ndiyo jina likawa kesi. Nikaenda kwa wakili nikaapa kiapo cha majina, 20,000, nikarudi nikaambiwa kiapo hakina muhuri fulani, nikarudi tena. Nenda leo ukaangalie: jina kwenye akaunti, kwenye kitambulisho, kwenye laini ya simu na kwenye leseni ya biashara yafanane herufi kwa herufi. Ni kazi ya siku moja ukiwa huna shida. Ukiwa na shida ni ya mwezi.

Kwa kikundi ilikuwa mbaya zaidi. Watia saini wetu walikuwa watatu, na mmoja alifariki mwaka 2016. Tulimzika, tukala rambirambi, tukamchagua mwingine kwenye kikao, lakini benki hatukwenda kubadilisha. Mfilisi anataka saini tatu. Ikabidi tutafute muhtasari wa kikao cha 2016, ambao uliandikwa kwenye daftari la mtoto na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, katiba ya kikundi, cheti cha usajili, cheti cha kifo kutoka kwa ndugu wa marehemu waliodhani tunataka kuwadai, na barua ya afisa maendeleo ya jamii. Tulilipwa Mei. Nauli, fotokopi na chai za watu wa kufuatilia vilikula 118,000 ya ile milioni na nusu. Nina kila risiti, kwa sababu kufika hapo hakuna mtu aliyekuwa ananiamini.

Nami sikuwalaumu. Kile kikao cha kwanza baada ya benki kufungwa sikisahau. Tulikaa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, kwenye mikeka. Nikaeleza. Nikamaliza. Kimya. Mmoja akauliza polepole, "Kwa hiyo shoga, umekula?" Nikatoa kitabu cha benki, wakaanza kupasiana mkono kwa mkono, kila mmoja anatazama ule mstari wa mwisho. Wale wasiojua kusoma ndio walikaa nacho muda mrefu zaidi. Mmoja wao, mama wa makamo anayeuza dagaa, alikigeuza akakinusa, kisha akampa mwenzake bila neno. Hisa zake zilikuwa za kumpeleka mjukuu kidato cha kwanza, na kidato cha kwanza kilikuwa kinaanza wiki ile. Sare nilimpa bure. Sikuona kama ni wema, na yeye pia hakushukuru, akazibeba akaenda.

Wanachama tisa walitoka. Wanne wamerudi.

Katikati ya hayo yote ukafika msimu wa makadirio ya kodi. Kila mwanzo wa mwaka mfanyabiashara anakwenda kukadiriwa, kisha analipa kwa awamu nne, na ya kwanza inatakiwa iwe imelipwa kabla ya Machi kuisha. Nikaenda ofisi ya kodi nikiwa na hoja ambayo niliiona haina jibu: mauzo yangu ya Desemba yamefungiwa na serikali ndani ya benki, sasa serikali hiyo hiyo itanidaije kodi ya hela iliyoifungia?

Yule kijana alinisikiliza vizuri, lazima niseme, wala hakunikaripia. Akasema, "Mama, sisi tunaangalia biashara. Mauzo ulifanya. Kwamba uliweka wapi hela, hilo halipo kwenye fomu." Akanigeuzia fomu nione kwamba kweli halipo.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kilichonikera ni kwamba alikuwa na haki kwa sheria yake, na waliofunga benki nao walikuwa na haki kwa sheria yao, na benki isingefungwa huenda ingeendelea kumeza hela za watu wengine. Kila dirisha nililokwenda lilikuwa na haki. Mimi tu ndiye niliyekuwa sina hela. Nilikopa 350,000 kwa shemeji nikalipa awamu ile. Baadaye sana Mwalimu akaniambia nilipaswa kuandika barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo kabla ya tarehe kupita, nipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa nibaki nayo. Mwaka uliofuata nilifanya hivyo kwa awamu ya Septemba na walinikubalia. Maneno ya mdomoni dirishani hayana kumbukumbu, hata kama mliongea kwa upole namna gani.

Kuna jirani yangu mwenye duka la spea za pikipiki, yeye alikuwa na mkopo kwenye benki ile. Siku ya kufungwa alinunua soda kwa furaha, akidhani deni limekufa na benki. Mfilisi alimwandikia barua ndani ya muda mfupi. Deni ni mali ya benki, na mali ndiyo inayokusanywa. Alilipa hadi shilingi ya mwisho, na kwa namna fulani mimi nilitakiwa nimwombee alipe, kwa kuwa hela zake ndizo zilizokuwa zinarudi kwenye chungu chetu.

Hasira yangu kubwa wakati huo ilikuwa moja: kwa nini hawakutuokoa? Nilikuwa nabishana na kila anayeingia dukani. Twiga Bancorp, benki iliyokuwa ya serikali yenyewe, mtaji wake ulikuwa hasi, na Oktoba 2016 Benki Kuu ikaiweka chini ya usimamizi wake. Haikuuawa. Mei 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta na wateja wake wakahamia na akiba zao. Mwezi ule ule ambao sisi tulikuwa tunagawana elfu sitini sitini! Agosti mwaka huo ikaja Bank M, benki ya wafanyabiashara wakubwa. Nayo ikawekwa chini ya usimamizi, wateja wakasota miezi, lakini mwanzoni mwa 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa Benki ya Azania. Wenye mabilioni wakapata pa kwenda. Wenye vikoba tukapewa fomu. Niliyasema haya kwa sauti, na wateja waliokuja kununua soksi wakaondoka na soksi na hotuba.

Mwalimu aliniacha nimalize wiki nzima. Kisha asubuhi moja, anakoroga chai, akauliza: "Hiyo Azania ni ya nani?"

Nikasema ni ya watu.

"Wenye hisa wakubwa ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Ile ninayolipwa pensheni mimi." Akanywa. "Kwa hiyo mzigo wa wale matajiri umewekwa karibu na kapu langu. Mimi sikuulizwa. Wewe unataka na wa kwako uwekwe hapo pia?"

Nilinyamaza, na kusema kweli nilikasirika. Lakini lilinikaa. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiri serikali ina hela yake mahali, kama mjomba tajiri ambaye amekataa tu kusaidia. Kumbe akituokoa sisi, anachukua kwa mzee anayekunywa chai kwangu, au kwenye kodi ya kitambaa ninachonunua Kariakoo, ambayo mwenye duka la jumla kashaiweka kwenye bei kabla sijafika. Ningeokolewa kwa hela yangu, ikiwa imepungua njiani. Na bado, siku nyingine naamka naona haikuwa haki, kwamba kama kapu linafunguliwa kwa wengine basi lifunguliwe na kwetu, au lisifunguliwe kabisa. Sijapata njia ya kuyapatanisha hayo mawili. Mwalimu naye hajapata, ila yeye analipwa pensheni kila mwezi, kwa hiyo ana muda wa kufikiri.

Kilichobaki kwangu ni tabia ya kuuliza maswali mawili kila serikali inapotia mkono kwenye hela, iwe kwa kuokoa au kwa kutoza: nani analipa, na mimi nitajua lini? La pili ndilo muhimu zaidi kwa mtu mdogo. Wenye mamilioni mengi benki yetu, tulikuja kusikia, walitoa zao Oktoba, mtandao ukiwa juu.

Baada ya pale nikakimbilia simu. Nikasema benki basi, hela yangu itakaa kwenye laini, naiona kila nikibonyeza. Kwa miaka mitatu nilikuwa namlipa muuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo kwa simu, anapakia mzigo kwenye basi, nisipande hata kwenda Dar. Halafu tarehe 15 Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya ada ya kampuni ya simu. Ukituma inakatwa. Yule akitoa inakatwa. Nilikuwa na tabia ya kutuma vipande vipande, leo laki, kesho laki na nusu, kadiri ninavyouza. Wiki ya kwanza sikuelewa kwa nini hesabu zangu hazikai sawa. Nikakaa na daftari usiku nikaandika kila muamala na kilichokatwa, nikaona: nilikuwa nalipia kila kipande.

Kwa wanaofanya biashara kwa simu, hilo daftari ndilo nililofaidi kuliko ushauri wowote. Mistari mitatu tu: tarehe, kiasi, makato. Baada ya mwezi utajua kama utume mara moja kwa wiki au kila siku, na utajua bei yako ya kuuza inatakiwa ipande kiasi gani. Bila daftari utalalamika tu, na ukilalamika kijiweni hurudishiwi kitu.

Mimi hata hivyo sikutulia, nikafanya ujanja. Nikaanza kutuma hela taslimu kwenye bahasha kwa kondakta wa basi, kama walivyokuwa wakifanya wazazi wetu. Mara nne ikafika. Mara ya tano, 400,000, basi likaharibikia njiani, simu ya kondakta haipatikani, na mimi nikalala macho siku mbili nikiwaza kwamba nimekwepa tozo ya shilingi elfu chache kwa kumkabidhi mtu nisiyejua hata jina la baba yake karibu nusu milioni. Bahasha ilifika siku ya tatu, imelowa mafuta ya basi, hela kamili. Kondakta nilimpa 10,000. Ukijumlisha, ilikuwa ghali kuliko tozo.

Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya watu kulalamika nchi nzima. Julai 2022 ikapanuliwa hadi kwenye miamala ya benki, kelele zikaanza upya, na Oktoba baadhi ya makato yakaondolewa. Wengine waliona kwamba serikali imesikia, na ni kweli imesikia. Mimi niliona kitu kingine: kwa miezi kumi na mitano bei yangu ya kutuma hela ilibadilika mara kadhaa, na mzazi anayenunua sare hawezi kubadilishiwa bei kila mara. Tofauti niliimeza mimi.

Hela ya kikundi sasa iko benki mbili, na kila moja haizidi kiwango cha bima, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka milioni 1.5 hadi 7.5. Nilipiga simu kuuliza kama hilo linaturudia sisi wa 2018. Dada aliyepokea alicheka kidogo, bila ubaya, akasema hapana mama. Kwenye ufilisi nimepata 380,000 hadi sasa. Watia saini wetu ni watatu, wote wazima, na kila Januari tunakwenda nao dirishani kuhakikisha sura na karatasi vinafanana. Taarifa za robo mwaka anazisoma binti yangu kwenye simu, ananiambia kama kuna mabano. Na fiksidi sijaweka tena. Mtu akinitajia riba kubwa kuliko ya wenzake namwuliza mtandao wao ukoje.

Kuna jambo dogo la mwisho. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo la duka si langu, ila umeme nanunua mimi, kwa hiyo kodi ya mwenye nyumba nikawa nailipa mimi. Kwa vile nilishakuwa mtu wa madaftari, niliandika kila mwezi, nikatunza na meseji za manunuzi. Mwaka ulipoisha nikamwendea mzee mwenye nyumba, nikamwonyesha: miezi kumi na miwili, 12,000, naomba tuikate kwenye pango. Akavaa miwani, akapitia mstari kwa mstari, akanisifu kwa utunzaji wa kumbukumbu. Akakata ile 12,000 pale pale, bila ubishi. Kisha akaniambia kuanzia mwezi ujao pango linaongezeka 20,000 kwa mwezi, kwa sababu siku hizi kodi zimekuwa nyingi.

Nimeiandika na hiyo.